DAMU YA NANI? Kufundisha alama za taifa kwa watoto wadogo

Na kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, seksio ya pedagojia



Kila mwaka wale wa pedagojia wanakwenda ku masomo ya msingi kufanya staji, na kila mwaka mmoja wao anaandika katika gazeti letu namna staji ilivyokwenda. Mara nyingi wanaandika juu ya hesabu, ao juu ya kusoma na kuandika. Sisi tunataka kusema juu ya somo ambalo wengi wanalidharau. Wanasema ni somo la kupumzika: unachora bendera kwenye ubao, watoto wanaimba, kengele inalia, imekwisha. Ni somo la alama za taifa. Tulilifundisha katika kalasi ya kwanza na ya pili hapa Kamina, watoto wa miaka sita mpaka nane, na tuliona wazi kama somo hili lina miiba yake.

Mwenye kufundisha aanze na Katiba, asianze na kumbukumbu yake mwenyewe. Katiba yetu ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, na kifungu chake cha kwanza kinaeleza mambo yote kwa ufupi. Bendera ni ya rangi ya buluu ya mbingu, ina nyota ya manjano katika pembe ya juu, na mstari mwekundu unaikata kwa mshazari, kando zake zikiwa na manjano membamba. Nembo ni kichwa cha chui, upande huu pembe ya tembo, upande ule mkuki, vyote vimekaa juu ya jiwe. Maneno ya taifa ni Haki, Amani, Kazi. Wimbo ni Debout Congolais. Kifungu hicho hicho kinataja vilevile franga yetu, Kifaransa kuwa luga ya serikali, na luga nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kiluba chetu cha huku Kamina hakimo katika hizo nne. Mtoto mmoja alituuliza sababu gani, na hilo nalo ni ulizo la haki.

MTI NA UPEPO

Katika fishi nyingi za somo wanaandika: nyota iko upande wa kushoto. Ni kweli, kwenye kartasi. Lakini peleka watoto inje, wasimame chini ya bendera yenyewe siku ya upepo. Kwanza wanaona nyota kushoto. Upepo unageuka, bendera inazunguka mti, na sasa nyota iko kuume. Mtoto wa miaka sita hajui mambo ya mbele na nyuma ya kitambaa. Anajua tu kama mwalimu alisema neno na macho yake yanaona neno lingine. Mmoja alipiga kelele: «Mwalimu, nyota imehama!» Wenzake wote wakacheka, na somo likapotea kwa dakika tano.

Kwa hiyo, wandugu, msiseme kushoto wala kuume. Semeni: nyota inakaa juu, karibu na mti. Mstari mwekundu unaanzia chini karibu na mti, unapanda, unaishia juu kule mbali na mti. Namna hiyo upepo unaweza kugeuka mara kumi, somo lenu halitageuka.

Juu ya rangi. Watoto wengi hawana krayo za rangi, na kungoja mpaka wazipate ni kungoja bure. Tulitumia buluu ya kufulia nguo, iliyochanganywa na maji kidogo. Nyekundu tuliitoa ku udongo wa kichuguu. Manjano ilitutesa. Tulijaribu mafuta ya ngazi, na kweli rangi ilitoka nzuri, lakini kaye zote zilinuka chakula siku ile, na panya wa kalasi walifurahi kuliko watoto.

Kuna jambo lingine la rangi. Katika masomo fulani, ambayo hatutaitaja jina, bendera imekaa juani muda mrefu sana. Buluu yake imekuwa karibu nyeupe, na ncha yake imepasuka. Watoto walipoambiwa wachore bendera ya taifa, wawili waliacha kartasi nyeupe, wakatia tu nyota na mstari, na mmoja akachora hata ile ncha yenye kupasuka. Mwalimu mmoja alitaka kuwakatia pwenti. Sisi tunasema hapana. Hao wawili ndio waliotazama. Wale wengine walichora yale waliyosikia. Afazali kuwauliza rangi imekwenda wapi. «Jua njo imeikula,» mmoja akajibu. Baada ya jibu lile ilikuwa rahisi kuwaeleza kama bendera inatunzwa, inashushwa jioni, na ikichakaa inabadilishwa. Na ilikuwa vigumu zaidi kuwaeleza sababu gani yao haijabadilishwa.

«ILE DAMU NJO YA NANI?»

Sasa tufike ku neno lenyewe. Vitabu vinasema: buluu ni amani, manjano ni utajiri wa inchi, nyota ni wakati ujao wenye mwangaza, na nyekundu ni damu ya mashahidi waliokufa kwa ajili ya inchi. Watoto wanakariri maneno hayo upesi sana. Mkaguzi akija, kalasi nzima inajibu kwa sauti moja, naye anafurahi. Lakini siku ya tatu mtoto mmoja wa kalasi ya pili, asiye na maneno mengi, akainua kidole: «Mwalimu, ile damu njo ya nani?»

Kalasi ikanyamaza. Na sisi vilevile.

Jibu la kwanza liko ndani ya vitabu, na ni jema. Tarehe 4 Januari 1959 watu wa Léopoldville waliinuka, wakapigwa risasi, wengi wakafa. Kila mwaka tarehe ile inchi nzima inapumzika, ni Siku ya Mashahidi wa Uhuru. Tena kuna Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliyeuawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito tarehe 17 Januari 1961, si mbali na Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Ubelgiji ulirudisha jino lake mwezi wa Juni 2022, likazikwa Kinshasa, kwa maana mwili wake uliharibiwa wote. Habari ya jino tunawashauri muiache kwa kalasi ya tano na ya sita. Mtoto wa miaka saba atalala nayo usiku.

Lakini hapa kwetu jibu la vitabu halitoshi. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga, na ilikaa hivyo mpaka mwezi wa Januari 1963. Huku kaskazini Baluba wengi walikuwa upande wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe, wakakataa kujitenga. Wengine walitumika kwa serikali ya Katanga. Vijiji vilichomwa, watu walikufa pande zote. Sendwe mwenyewe aliuawa mwaka 1964 kule Albertville, ndiyo Kalemie. Leo hospitali kubwa ya Lubumbashi inabeba jina lake. Mambo hayo si ya vitabu tu. Nyumba hii ina babu aliyekuwa jandarme wa Katanga. Nyumba ya jirani ina babu aliyekuwa kijana wa Balubakat. Vitukuu vyao vinakaa benchi moja, vinakopeshana krayo. Mwalimu akisema damu ya bendera ni ya watu wa upande mmoja tu, amekwisha kumfanya mtoto wa upande ule mwingine kuwa mtoto wa adui, na hata hajui nani kati ya wale wanaomtazama.

Tena yule mtoto aliyeuliza hakuuliza habari ya 1959, wala ya 1960. Tulipata kujua nyuma. Baba yake ni askari. Kamina ina kambi kubwa ya waaskari, wote mnajua, na baba huyo alitumwa mashariki. Tangu Goma ilipokamatwa na M23 mwezi wa Januari 2025, redio ya nyumbani kwao haizimwi. Tena ilikuwa imepita wiki nyingi bila wao kusikia sauti ya baba kwenye simu. Kwake yeye damu si rangi. Alitaka kujua kama mwalimu ana majina.

Aliyejibu ni mama mwalimu mwenye kalasi. Alikuwa ameketi nyuma, anaandika maangalizo juu yetu. Alisimama, akaenda polepole mpaka ku benchi la yule mtoto, akasema: «Ya bantu mingi, mwana yangu. Ya baba yako haimo.» Kisha akatuambia tuendelee na somo.

Jioni tulibishana sana juu ya jibu lile. Mmoja wetu alisema mwalimu hana ruhusa kuahidi jambo asilolijua: je, kama kesho habari mbaya inakuja? Mwingine alisema ingefaa kumpeleka mtoto pembeni na kuzungumza naye peke yake. Kesho yake tulimuuliza mama mwenyewe. Alisema hakuahidi kitu cha kesho. Siku ile aliposema, damu ya baba yule haikuwamo, na mtoto alikuwa na siku ile ya kupitisha, si siku ingine. Sisi tunasimama upande wa mama. Kuna maulizo ambayo mtoto anauliza kwa kichwa, na mengine anauliza kwa tumbo. Mwalimu atambue ni lipi kabla ya kufungua kitabu.

Siku iliyofuata tuliwapa watoto kazi ya nyumbani: ulizeni wakubwa wenu, ni nani aliyekufa kwa ajili ya inchi? Walileta majina mengi kuliko tulivyofikiri. Ndugu wa bibi, aliyekufa 1961 akikimbia moto wa kijiji. Mjomba, askari. Babu aliyekufa katika ile ajali ya treni ya Aprili 2014, huko Katongola. Na msichana mmoja alileta jina la mama yake, aliyekufa akizaa.

Hapo tena tulibishana. Aliyekufa ndani ya treni ni shahidi? Mama aliyekufa kwa kuzaa? Kwa sheria ya neno, hapana: shahidi wa inchi ni yule aliyejua hatari na hakukimbia kwa sababu ya wenzake. Lakini utamwambia namna gani mtoto wa miaka saba, mbele ya kalasi nzima, kama jina la mama yake halifai? Tuliandika majina yote kwenye ubao, hatukufuta hata moja. Kisha, tukiwa na saa ya kutosha, tukaeleza: hawa wote tunawalilia, na kati yao wako waliokufa kwa kazi ya kulinda inchi ao kuikomboa, ni hao bendera inaowakumbuka kwa rangi nyekundu. Yule msichana alisikiliza vizuri. Alisema: «Basi mama yangu aingie mu buluu.» Tulimwachia.

Shauri moja kwa wale watakaofuata. Msitume watoto nyumbani na ulizo kama hilo bila kumwambia direktere kwanza, naye awaambie wazazi. Baba mmoja alikuja asubuhi na hasira, anasema mambo ya 1960 yamelala, yasiamshwe na watoto wa staji. Direktere alimketisha, akamsikiliza. Baba yule alikaa saa moja nzima, na katika saa ile ni yeye mwenyewe aliyezungumza habari ya 1960.

Wenye kusoma Biblia watakumbuka yale mawe kumi na mawili yaliyotolewa Yordani. Yaliwekwa kusudi watoto, siku moja, waulize baba zao maana yake. Kwa hiyo mtoto mwenye kuuliza juu ya bendera hasumbui somo. Somo lilikuwa linamngojea yeye.

BENDERA SABA

Bibi aliyezaliwa huku mbele ya uhuru, na akiwa mzima leo, ameona bendera nyingi. Hesabuni pamoja nasi. Kwanza buluu yenye nyota moja kubwa katikati, ile ya dola ya Leopold, Wabelgiji wakaiendeleza mpaka 1960. Tarehe 30 Juni 1960 ikaja buluu yenye nyota kubwa na nyota sita ndogo kando ya mti. Katika Katanga iliyojitenga kulikuwa ingine: nyekundu, nyeupe na kijani, na misalaba mitatu ya shaba, mfano wa ile feza ya zamani ya Katanga. Kiisha, kutoka 1963, buluu yenye mstari mwekundu. Mwaka 1971 inchi iliitwa Zaire, bendera ikawa kijani na mkono wenye kushika mwenge. Mwaka 1997 zile nyota sita zikarudi. Na 2006 ukarudi mstari mwekundu, juu ya buluu iliyo nyepesi kidogo. Ni saba.

Je, watoto wadogo waambiwe hayo? Walimu fulani wanaogopa: mtoto akijua bendera ilibadilika, hataiheshimu tena. Sisi hatukuona hivyo. Tulimwalika mzee mmoja jirani, akaja na fimbo yake, akawachorea chini kwenye mavumbi ile ya mwenge na ile ya nyota sita. Watoto walishangaa sana kama mzee alisimama mbele ya bendera zote hizo na yeye ni mtu yule yule. Wakamuuliza ipi ilikuwa nzuri. Alicheka tu, hakujibu. Wazee wetu wana akili.

Zile nyota sita zilikuwa majimbo sita ya 1960: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Katanga na Kasaï. Tangu 2015 majimbo ni 26, na Kamina ni mji mkuu wa Haut-Lomami. Mtoto mmoja akaanza kuchora nyota 26. Alifika kumi na moja, kartasi ikaisha.

CHUI, WIMBO NA BENCHI

Nembo haikutupa shida, ila chui. «Mwili yake iko wapi?» wakauliza wote, na wengine waliogopa kweli, walifikiri mtu amekikata kile kichwa. Ilifaa kuwaonyesha kwanza chui mzima kwenye picha, halafu kichwa peke yake. Wengi wanajua ngozi ya chui kwa habari ya wafalme na machifu wa Baluba, na wanaume wadogo wanajua Léopards wa mpira. Wawaambieni habari ya 1974, tulipochukua Kombe la Afrika na kwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani. Pembe ya tembo ni ngumu zaidi. Mbuga ya Upemba iko hapa karibu, imelindwa tangu 1939, lakini tembo waliobaki ni wachache sana, na hakuna mtoto hata mmoja katika kalasi zetu aliyekwisha kuona tembo. Wanamwona kwa pembe yake tu. Walitusikitisha kidogo.

Wimbo uliandikwa 1960, watungaji wake ni Padri Simon-Pierre Boka na Joseph Lutumba. Hao hao wawili walitunga vilevile La Zaïroise, ile iliyoimbwa kutoka 1971 mpaka 1997. Shida yake kwa wadogo ni Kifaransa. Katika kalasi ya kwanza watoto wetu wanasoma kwa Kiswahili, na asubuhi wanaimba maneno ambayo kwao ni sauti tu. Kila mmoja anayapinda ginsi anavyosikia. Msiwacheke. Tulianza na neno la kwanza la jina la wimbo tu: mwalimu anasema «debout», wote wanasimama, anasema «kaa», wanakaa. Siku mbili za mchezo huo, na siku ya tatu walikuwa wanajua sababu gani mtu anasimama wimbo unapoimbwa, hata yule aliye njiani na kinga yake, mbele ya ofisi ya serikali.

Kati ya maneno matatu, Kazi inafahamika pasipo shida, wanaona mama zao. Amani wanasema ni kutopigana. Haki ndiyo ngumu. Tangu masomo ya msingi yalipokuwa ya bure mwaka 2019, kalasi zimejaa. Benchi la watoto wawili linabeba wane, wa tano anakaa chini. Tuliwauliza: ni haki? Wakasema hapana. Tufanye nini? Walitafuta wenyewe, wakapanga zamu: kila siku mwingine anakaa chini. Iliendelea vizuri mpaka siku ya ine, zamu ilipomfikia mtoto wa mwalimu mmoja wa masomo yale. Mama yake alipitia mlangoni, akamwona chini, akamwinua, akamrudisha kwenye benchi. Watoto wote walitutazama sisi. Tulimfuata mama yule inje, kwa heshima, tukamweleza zamu. Alisimama kidogo, kisha akarudi ndani, akamwambia mtoto wake: «Shuka.»

Wa mwaka wa tatu watakaofanya staji kisha sisi: fishi zetu ziko ndani ya kabati la biblioteki, chini ya kaye za hesabu. Picha ya chui mzima imepasuka pembeni, mtachora ingine. Buluu ya kufulia imebaki nusu ya kopo. Na yule mtoto wa kalasi ya pili, mtamtambua: baba yake alipiga simu mwisho wa mwezi.